Nguvu ya Injini Si Siri ya Mwenye Gari

Injini ya kisasa huongozwa na kompyuta inayopanga kiasi cha mafuta na wakati wa kuyachoma. Fundi akiibadili programu yake, gari huongezeka nguvu pasi na kufunguliwa bolti hata moja. Mwenye matatu hudai kwamba hiyo ni mali yake, afanye atakavyo. Sikubaliani naye. Mwaka 2015 Volkswagen ilikiri kwamba takriban magari milioni 11 ya dizeli yalikuwa na programu iliyopunguza sumu ya moshi wakati wa kupimwa tu. Ikiwa kampuni kubwa haikuachiwa siri hiyo, mbona tumwachie mmiliki mmoja? Nguvu ikiongezwa, breki hubaki zile zile, na abiria hajui. Wakaguzi wanaotazama matairi na taa waisome na programu ya injini.