DRC: Kwa nini salmonela inashinda dawa tatu kwa mara moja

Mtoto mwenye salmonela ya damu akipewa ampisilini na homa isishuke, wengi watasema abadilishiwe dawa. Lakini kwa aina ya ST313, iliyoenea kusini mwa Sahara, kotrimoksazoli na kloramfenikoli nazo mara nyingi hushindwa. Kwa nini zote tatu?

Jibu liko katika DNA ya bakteria. Jeni zinazokinga dhidi ya dawa hizo zimekaa pamoja ndani ya kipande kinachoweza kuhama, cha jamii ya Tn21. Ncha zake mbili zina alama ya herufi 38 za DNA, moja ikiwa imegeuzwa. Kimeng'enya hutambua alama hizo, kisha hupeleka mahali pengine nakala ya chochote kilicho katikati. Kikiingia katika plasmidi, yaani duara dogo la DNA ambalo bakteria hupeana, kinaweza kufika hata kwa bakteria wa aina nyingine.

Mwaka 2019 watafiti walitangaza tawi la ST313 hapa DRC ambalo plasmidi nyingine imeliongezea kinga dhidi ya seftriaksoni na azitromisini.

Hapo ndipo hatari ilipo. Anayemeza kotrimoksazoli ya sokoni bila kipimo anaua bakteria dhaifu na kuwaachia nafasi wale wenye kifurushi kizima. Dawa moja ikitumiwa ovyo, nyingine mbili zinapotea nayo. Ndiyo maana zoni za afya zinahitaji maabara za kuotesha damu, si dawa mpya peke yake.