'Shujaa' Ni Tafsiri Inayotupotosha

Ninaposahihisha tafsiri za wanafunzi wangu, aghalabu hukutana na neno 'shujaa' kila wanapotajwa wale wapiganaji wa Ulaya ya zama za kati waliovaa deraya na kupanda farasi. Walimu wengi nao hulipitisha bila kusita. Kwa maoni yangu neno hilo linapotosha, tena linapotosha historia kuliko lugha.

Natuyatazame majina waliyopewa na watu wao. Mfaransa alimwita chevalier, jina lenye asili ya caballus, neno la Kilatini cha mitaani lililomaanisha farasi wa kazi, tena dhaifu. Mjerumani alimwita Ritter, yaani mpandaji. Kioja ni cha Mwingereza: neno lake knight, ambalo kale liliandikwa cniht, lilimaanisha kijana wa kiume au mtumishi. Ushujaa haumo katika jina lolote kati ya hayo. Hata mwaka 1086, Mfalme William alipompa mwanawe Henry hadhi hiyo, mwandishi wa tarehe za Waingereza alisema tu kwamba kijana amefanywa 'mpandaji'.

Majina hayo hayakukosea. Makabaila waliogawana ardhi ya Ufaransa kuanzia karne ya 10 walihitaji watu wa kuzilinda ngome zao na kuwatiisha wakulima. Farasi wa vita, upanga na vazi la vipete vya chuma vilikuwa ghali mno, hivyo wengi walivipata kwa hisani ya bwana, ama walipewa shamba la kuwalisha wao na farasi wao. Kule Ujerumani walikuwapo hata waliokuwa watwana kisheria: walipigana juu ya farasi na kuamrisha ngome, lakini kuoa nje ya milki ya bwana wao kulihitaji idhini yake!

Na mwenendo wao je? Mwaka 989 maaskofu walikutana Charroux, Ufaransa, wakamlaani yeyote atakayevunja kanisa, atakayempiga kasisi asiye na silaha, au atakayemnyang'anya mkulima ng'ombe, punda au mbuzi wake. Wizi usiokuwapo haulaaniwi.

Yale maadili tunayoyasifu darasani, ya kumtetea mjane na yatima na kumstahi bibi wa kasri, yalipambwa na watunzi wa hadithi kama Chrétien de Troyes katika karne ya 12, kisha Ramon Llull wa Mallorca akayaandikia kitabu cha mafunzo yapata mwaka 1275. Sisemi kwamba yalikuwa uongo mtupu, wapo walioyafuata. Hata hivyo, kufikia wakati huo mtumishi wa jana alikuwa amekwisha kuwa bwana, na daraja hilo likawa la kurithiwa. Mtoto wa mkulima hakuwa na njia rahisi ya kuingia.

Tutumie neno gani basi? Kiarabu kilitupa farasi, na kutokana na mzizi huohuo kikatupa farisi, ambalo kwao ni mpanda farasi na kwetu limekuja kumaanisha mtu bingwa wa kazi yake. Napendekeza hilo. Watakuwapo watakaolalamika kwamba linakaribiana na Farisayo wa Biblia, na sina jibu zuri la kuwapa, ila wakipenda waandike 'askari wa farasi'. Lakini mwanafunzi atakayeniletea tena 'shujaa' nitamuuliza yule farasi amemwacha wapi.