Saa ya mfukoni: umri bila hati hautoshi mpakani

Novemba 2014, saa ya mfukoni ya Patek Philippe iliyotengenezwa kwa ajili ya tajiri Henry Graves wa New York iliuzwa mnadani Geneva kwa faranga za Uswisi milioni 23.2. Ina kazi 24, ikiwemo kuonyesha nyota za anga la New York.

Hata hivyo, kwa forodha bado si kitu cha kale. Mfumo wa HS unaweka chini ya namba 97.06 vitu vya kale vilivyozidi miaka 100. Saa nyingine hubaki sura ya 91. Hiyo ilikabidhiwa mwaka 1933.

Hivyo msafirishaji anayekabidhiwa saa ya kale asitegemee maneno ya mwenye mzigo. Bila hati ya mwaka ilipotengenezwa, huenda ikahesabiwa saa ya kawaida.