Pwani Bila Daftari

Fungua kalenda ya ukutani, kijitabu cha hoteli au ukurasa wowote wa mtandaoni unaotangaza Unguja, Diani au Lamu, na utakutana na picha ile ile: mchanga mweupe, mnazi ulioinamia maji, ngalawa yenye tanga moja na anga la rangi ya chungwa. Ni picha nzuri, na waliozipiga wana haki ya kujivunia kazi yao. Lakini ukiuliza ni ufuko gani hasa, ni mwezi gani, na kama maji yalikuwa yamejaa au yamekupwa, mara nyingi jibu halipatikani. Uzuri umebaki, habari zimepotea. Hoja yangu ni kwamba hasara hiyo ni kubwa kuliko tunavyodhani. Wakazi wa pwani, maziwa na mito ya Afrika Mashariki wanaishi kwenye kingo zinazohama, na upigaji picha wa mandhari, ambao ungekuwa kumbukumbu yao ya bei nafuu kuliko zote, tumeuacha uwe pambo la biashara. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ufuko ni mali, na picha yenye mahali, tarehe na saa ndiyo daftari lake.

Tuanze na jambo ambalo kila mvuvi analijua na watazamaji wengi wa picha hawalijui: bahari yetu haina sura moja. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huko Zanzibar na Dar es Salaam huzidi mita 3. Mashariki ya Unguja, katika vijiji kama Paje na Jambiani, kina cha maji ndani ya mwamba wa matumbawe ni kifupi, kwa hiyo bahari hurudi nyuma mbali sana. Siku za bamvua, mnamo saa nne asubuhi, mpigapicha atawakuta wanawake wakitembea kwa miguu hadi kwenye mashamba ya mwani: vigingi vimekitwa kwa safu mchangani, kamba zimetandwa kati yake, na vishada vya mwani vimefungwa kimoja kimoja kwenye kamba hizo. Akirudi mnamo saa kumi alasiri na kusimama pale pale, ataona maji matupu ya buluu na mashua zikielea. Asiyejua ataapa kuwa hizo ni fukwe mbili, au kwamba bahari imemeza nchi kavu. Juu ya hilo kuna pepo. Kusi na kaskazi huhamisha mchanga kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kiasi kwamba huko Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, sehemu iliyo pana msimu huu huweza kuwa nyembamba msimu ujao. Hivyo, picha isiyo na mwezi wala saa haithibitishi kitu chochote kuhusu ufuko. Ikiwa navyo, huwa ushahidi.

Ushahidi huo tumeukosa mara nyingi pale tulipouhitaji. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, kilikuwa na miti, na kasa walikuwa wakitaga mayai mchangani. Mwaka 1975 kilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari. Haikuchukua miaka mingi kisiwa chenyewe kikazama, na leo kilichobaki ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakikupwa na kufunikwa yakijaa. Wapo wanaolaumu ukataji wa miti iliyoshika mchanga, na wapo wanaotaja mawimbi na kina cha bahari. Mfululizo wa picha zilizopigwa kutoka sehemu moja, mwaka hadi mwaka, ungetuonyesha kipi kilitangulia, miti kuondoka au mchanga kuondoka. Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, mmomonyoko ulifikia kiasi cha hoteli ya kitalii kuachwa magofu, na wataalamu walinyooshea kidole uchimbaji wa mchanga katika vijito ambavyo ndivyo vilivyokuwa vikiulisha ufuko. Hapo pia mjadala ulichelewa, kwa kuwa kila upande ulikuwa na kumbukumbu yake ya kichwani, na kumbukumbu ya kichwani haiwezi kuwekwa mezani mbele ya mhandisi.

Maji baridi nayo yana somo lake. Mwezi Mei 2020, Ziwa Victoria lilifikia mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likipita kwa sentimita moja tu rekodi ya mita 13.41 iliyowekwa mwaka 1964. Nyumba, hoteli, mialo na mashamba kandokando ya ziwa, Uganda, Kenya na Tanzania, viliingiwa na maji. Wengi walilichukulia tukio hilo kama jambo lisilowahi kuonekana, ilhali maji yalikuwa yakirudi mahali yalipofika miaka 56 kabla. Namba ya kipimo ilikuwepo kwenye vitabu vya wahandisi, lakini namba haimwambii mnunuzi wa kiwanja kwamba maji yaliwahi kufika kwenye mlango anaotaka kuujenga. Picha ya mwaka 1964, ikiwa imebandikwa kwenye ofisi ya kata au ya serikali ya mtaa, ingemwambia bila kuhitaji mkalimani. Huko Gatumba, karibu na Bujumbura, ambako Ziwa Tanganyika na Mto Rusizi vimewafukuza maelfu ya watu makwao, na kando ya Ziwa Baringo nchini Kenya, ambalo limekuwa likipanuka tangu miaka ya 2010, ukingo wa maji wa leo unastahili kuandikwa kwa picha kabla ya kusahaulika, kwani maji yakirudi nyuma watu nao watarudi kujenga.

Tunajua kazi hii inawezekana kwa sababu iliwahi kufanyika, hata kama waliofanya hawakuikusudia. Upande wa bahari wa mji wa Zanzibar ni miongoni mwa sehemu za Afrika Mashariki zilizopigwa picha kwa muda mrefu zaidi. A. C. Gomes, Mgoa aliyekuwa na studio mjini humo katika karne ya 19, aliuza picha kwa wageni waliokuja kwa meli. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe akaiendeleza. Kwa kuwa picha za zamani za mji huo zinajulikana zilipigwa wapi na takriban lini, leo tunaweza kuuona mnara wa taa ukiwa umesimama peke yake mbele ya majumba ya kifalme, kisha tukaona magofu baada ya Waingereza kuyapiga mizinga tarehe 27 Agosti 1896, kisha mnara mpya ukiwa umeunganishwa na jumba la Beit al-Ajaib. Sehemu ya jumba hilo, pamoja na mnara wake, ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, kilichokuwa kimebaki cha kuwaongoza mafundi kilikuwa michoro na picha. Picha hizo hizo zinaonyesha hori lililokuwa likitenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo kabla ya kufukiwa na kuwa barabara. Mpangaji wa mji anayetaka kujua maji ya mvua yalikuwa yakipita wapi hana kitabu bora kuliko picha hizo.

Najua wapigapicha wengi watalipinga hili. Watasema kwamba wao ni wasanii na hawakuajiriwa kupima ardhi, na kwamba picha ya mandhari hupendwa kwa sababu inamtoa mtazamaji kwenye mambo ya tarehe na saa. Naiheshimu hoja hiyo, lakini haigongani na ninachoomba. Hakuna anayemtaka msanii aache mwanga wa alfajiri. Maelezo mafupi chini ya picha hayaondoi rangi hata moja, na wateja wa Gomes walizinunua picha zake kwa uzuri wake, hata kama leo tunazisoma kama ushahidi. Tena simu na kamera za siku hizi huandika saa zenyewe ndani ya faili. Tatizo ni kwamba picha ikishatumwa kwa WhatsApp au kupandishwa mtandaoni, habari hizo kwa kawaida hufutika. Kwa hiyo anayejali kazi yake aandike mwenyewe, na aache ndani ya picha kitu kimoja kisichohama: mnara wa msikiti, ngazi za gati, mbuyu, ukuta wa ngome. Mara nyingi kitu hicho ndicho kinachoipa picha nguvu hata kisanaa, kwa sababu kinamwambia mtazamaji kwamba hapa ni Bagamoyo wala hapawezi kuwa mahali pengine.

Wapo pia watakaosema setilaiti zinatosha. Ni kweli kwamba setilaiti za Landsat zimekuwa zikipiga picha za dunia tangu mwaka 1972, na bila hizo tusingejua mengi. Hata hivyo, doa moja la picha zake za kawaida linawakilisha mita 30 za ardhi. Ufuko unaopoteza mita 2 kwa mwaka unahitaji miaka 15 kulivuka doa moja. Wataalamu wana mbinu za kupunguza upungufu huo, lakini hata wao huhitaji picha na vipimo vya ardhini ili kuhakikisha hesabu zao. Wakati wa masika mawingu hufunika pwani, na hapo setilaiti inayotegemea mwanga haioni. Zaidi ya yote, kutoka angani huwezi kuiona mizizi ya mkoko iliyobaki uchi baada ya tope kuondoka, wala alama ya chumvi iliyopanda tofali la tatu la ukuta wa nyumba. Mtu aliyesimama chini anaviona, na simu yake inavipiga.

Kipingamizi kizito zaidi kinatoka kwa wenye hoteli na baadhi ya viongozi, wanaohofia kwamba picha za fukwe zinazoliwa zitafukuza watalii. Lakini mgeni aliyeahidiwa mchanga na kukuta viroba na mawe ya kuzuia mawimbi ndiye atakayeharibu jina kwa kasi zaidi. Isitoshe, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Mita 60 kutoka wapi, ikiwa ukingo umehama? Mwekezaji mwaminifu anahitaji picha zenye tarehe kuliko mtu yeyote, ili aweze kuonyesha maji yalikuwa wapi siku alipoweka msingi. Upo pia wasiwasi wa heshima ya watu, na huu ni wa haki. Wanawake wa mwani na wavuvi wamechoka kupigwa picha bila kuombwa, na sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zimetukumbusha kwamba sura ya mtu ina mwenyewe. Picha ya daftari inatazama ukingo wa maji na haihitaji sura ya mtu. Panapohitajika kuonyesha kazi, mpigapicha aombe ruhusa, kisha aeleze kazi hiyo kwa usahihi. Pwani tupu ya kwenye matangazo nayo ni aina ya dharau, kwa sababu inawafuta wanaosuka madema na kukalafati mashua pale pale.

Namna ya kuanza ipo na haina gharama kubwa. Huko Australia, mradi wa CoastSnap ulioanza mwaka 2017 uliweka kishikizo cha chuma mahali pa juu panapotazama ufuko. Mpita njia anaweka simu yake hapo, anapiga picha na kuituma. Kishikizo kinahakikisha kila picha ina pembe ile ile, na kwa kujua saa na kiwango cha maji, wataalamu wanaweza kupima ufuko umepanuka au umepungua kiasi gani. Mradi huo umeshaenea katika nchi nyingine nyingi. Hapa kwetu kishikizo cha namna hiyo kingeweza kutengenezwa na fundi wa kuchomelea wa mtaani na kuwekwa Forodhani mjini Zanzibar, kwenye kuta za Fort Jesus mjini Mombasa, Bagamoyo, Pangani, Kipini kwenye mdomo wa Mto Tana, na kwenye mialo ya Mwanza, Kisumu na Kigoma. Vikundi vya usimamizi wa fukwe (BMU) na kamati za shehia vingekisimamia. Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar na ile ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Kenya, KMFRI, iliyoko Mombasa, zina wataalamu wa kuzisoma picha hizo. Nyaraka za taifa zitunze nakala, ziwe wazi kwa mwananchi, mwanafunzi na mahakama.

Serikali zikichelewa, msomaji hana sababu ya kusubiri. Ukifika ufukweni safari ijayo, piga picha unayoipenda, kisha piga nyingine moja ukiwa umesimama mahali utakapoweza kupakumbuka, kukiwa na kitu kisichohama ndani yake. Andika jina la mahali, tarehe, saa, na kama maji yamejaa au yamekupwa. Mwakani rudi pale pale upige tena, na nakala uiache kwa shule au ofisi ya kijiji. Watoto wa pwani hii watalazimika kuamua wajenge wapi, wapande mikoko wapi na wahame kutoka wapi. Tusiwaachie maamuzi hayo bila ushahidi ambao sisi tulikuwa nao mikononi kila siku.