Mkunjo ukae chini

Ndugu mwandishi, katika makala yako kuhusu barua za kukunjwa vipimo umevieleza vizuri, ila mkunjo umeupitia haraka, na hapo ndipo tulipoumia sisi. Mimi huandaa taarifa ya chama chetu cha kuzikana hapa Marekani: karatasi moja, inakunjwa, inabandikwa stempu, haina bahasha. Mara ya kwanza nilikunja mdomo, yaani upande ulio wazi, ukabaki chini ya anwani. Barua zikarudi zimechanika, na wafiwa hawakupata tarehe ya kisomo. Jambo hilo liliniuma sana.

Mashine za kuchambua barua huzivuta kwa kasi, zikisimama kwa ukingo wa chini. Mdomo ukiwa huko, unanasa. Kwa hiyo mkunjo wa mwisho ukae chini ya anwani, au upande wa kulia kwa karatasi ambayo mkunjo wake wa mwisho uko upande mfupi. Tangu Januari 2013 kanuni za posta ya Marekani zinataka barua hizi zifungwe kwa vibandiko visivyopungua viwili, visivyo na vitobo vya kuchania, au kwa gundi badala yake. Kimo kisizidi inchi 6, urefu inchi 10.5, uzito aunsi 3.

Tafadhali ongeza mchoro kwenye makala. Wazee wetu wanaokunja kwa mkono watauelewa upesi kuliko maneno.