Riziki isiombewe ruhusa

Mwananchi hadaiwi maelezo ya kwa nini anauza mihogo. Serikali ndiyo inayodaiwa maelezo ya kwa nini inamzuia. Huo ndio msimamo wetu kuhusu uhuru wa mtu binafsi, na tunausema wazi kwa sababu Tanzania imekuwa ikiuendea kinyume kwa muda mrefu.

Mwaka 1968, katika andiko lake la Uhuru na Maendeleo, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba watu hujiendeleza wenyewe, na kwamba haiwezekani kumlazimisha mtu kuingia kijiji cha ujamaa. Miaka mitano baadaye, Novemba 1973, yeye mwenyewe alitangaza kuwa kuishi vijijini ni amri, na mwisho wa kuhamia ni 1976. Mamilioni walihamishwa. Wapo waliobomolewa au kuchomewa nyumba, wakashushwa porini, mbali na mashamba yao na makaburi ya wazee wao. Viongozi wengi waliosimamia kazi hiyo waliamini kwa dhati kwamba wanawapelekea watu shule, maji na zahanati. Ndiyo maana hawakusita.

Kisha ikaja Sheria ya Nguvu Kazi ya 1983. Jijini Dar es Salaam, asiye na kitambulisho cha kazi alikamatwa na kupelekwa kijijini kulima. Wauza karanga na wang'arisha viatu waliitwa wazururaji, wakati ambapo mshahara wa mfanyakazi wa serikali haukumfikisha mwisho wa mwezi na vibiashara kama hivyo ndivyo vilivyolisha familia. Wengi walirudi mjini, wakaendelea kuuza.

Leo hatuwakamati wachuuzi hivyo, lakini fikra ile kwamba riziki lazima iombewe ruhusa haijafa. Kitambulisho cha mjasiriamali mdogo kilichotolewa mwishoni mwa 2018 kwa shilingi 20,000 kiliwapunguzia machinga bughudha ya mgambo, na hilo lilikuwa jema. Ila mgambo hakuwa na haki ya kumbughudhi mtu hata kabla ya kitambulisho. Mwaka 2021 upepo ukageuka, machinga wakaondolewa kandokando ya barabara, na vibanda vikavunjwa.

Hatusemi kila mtu apange meza atakapo. Mama mwenye mtoto mgongoni hapaswi kushuka barabarani kwenye magari kwa sababu njia ya miguu imejaa viatu vya mitumba. Hapo pana mtu anayeumia, na halmashauri ina haki ya kuchora mstari. Lakini mchuuzi aliyejibanza pembeni, asiyemzuia mpita njia yeyote, anafukuzwa kwa kosa gani? Kuchafua sura ya jiji si kosa la kumnyima mtu chakula cha wanawe.

Katiba, kwa Haki za Binadamu zilizoingizwa mwaka 1984, inatambua haki ya kufanya kazi na ya kumiliki mali, na haimbagui mwenye beseni la ndizi. Kwa hiyo kila halmashauri ibandike hadharani orodha ya vibali na tozo inazomdai mchuuzi, na mbele ya kila kimoja iandike kinamkinga nani na madhara gani. Kisicho na jibu kifutwe. Na bidhaa za mchuuzi zinazochukuliwa na mgambo ziandikiwe hati papo hapo, mwenyewe ajue atazifuata wapi na lini.