Dawa ya mtoto, dawa ya panya



Juma hili, katika darasa la pili, tuliandika ubaoni neno moja tu: DAWA. Tuliwaomba watoto waseme wanalisikia namna gani nyumbani. Ubao ulijaa: dawa ya malaria, dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu, dawa ya ng'ombe, dawa ya panya. Msichana mmoja, ambaye kwao wanasema Kilendu na Kiswahili anajifunza hapa shuleni, aliinua mkono: «Dawa ni ya kumeza.» Tukamuuliza: «Na ile ya panya?» Akajibu: «Ile pia, ukiwa mgonjwa.»

Hatukucheka. Mtoto hakukosa akili. Alifuata yale tuliyomfundisha sisi wenyewe. Kwa Kifaransa, médicament, dentifrice na cirage ni maneno matatu, kila kitu na jina lake. Kiswahili kilipokea neno dawa kutoka Kiarabu na kukusanya yote humo, kisha kazi ya kutofautisha kinaliachia neno linalofuata. Na hapo pia kuna mtego. Dawa ya kikohozi inaondoa kikohozi, lakini dawa ya usingizi inaleta usingizi. Dawa ya mtoto inamponya mtoto. Dawa ya panya inamuua panya. Ile «ya» ni moja. Sisi wakubwa tunaelewa bila kufikiri. Mtoto bado.

Hapa Djugu watoto wengi wanajifunza Kiswahili baada ya lugha ya mama, na wengine walikipata njiani, wakati jamaa zao zilipokimbia vita. Basi tupatane mambo manne:

1. Ile ya panya tuiite sumu. Na kwa lugha ya nyumbani tuseme wazi kwamba inaua.

2. Tusiimimine kamwe katika chupa ya soda, wala tusiiweke pamoja na vidonge.

3. Tusimdanganye mtoto kwamba kidonge ni bonbon. Kesho atakitafuta mwenyewe.

4. Akimeza sumu, tusimlazimishe kutapika. Tukimbie naye kituo cha afya, na chupa au karatasi yake mkononi, muganga aone ni sumu gani.

Mama, jioni ya leo, ukiwa jikoni, muulize mtoto wako: «Dawa ni nini?» Usimkate. Sikiliza jibu lake mpaka mwisho.